Kutafutana kwa neno moja: historia ya urafiki wa mtandaoni

Leo naweka kando mafunzo ya programu ili tuzungumze historia kidogo. Swali ni hili: mtu asiyekujua, asiyeishi mtaa wako, ambaye hamkusoma pamoja wala hamna ukoo, anakupataje mtandaoni kwa sababu tu nyote wawili mnapenda kitu kimoja?

Ukiutazama mtandao wowote wa kijamii utaona una kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kukuunganisha na watu unaowajua tayari: binamu yako, jirani, mtu mliyekaa naye dawati moja darasa la sita. Kazi ya pili ni kukukutanisha na watu usiowajua ambao ungefurahi kuwajua. Wengi wetu tunaifahamu zaidi ile ya kwanza, maana ndiyo iliyoipa Facebook umaarufu. Lakini ile ya pili ni kongwe. Ilikuwa imeshaanza kufanywa na kompyuta miaka 31 kabla Facebook haijazaliwa mwaka 2004.

Mimi ni mwandishi wa programu, kwa hiyo naitazama historia hii kwa jicho la fundi. Nauliza: kile kinachowaunganisha watu kimehifadhiwa wapi, na ni nani aliyekiandika? Nikiuliza hivyo naona njia mbili zikishindana tangu mwanzo. Njia ya kwanza naiita njia ya neno. Wewe mwenyewe unaandika unachokipenda, na mwenzako anayelitafuta neno hilo anakupata. Njia ya pili naiita njia ya kisio. Mashine inakutazama unavyofanya, inakisia unachokipenda, kisha inakuletea watu. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua ni nani anayeshika kalamu.

Kabla ya kompyuta

Sisi huku Afrika Mashariki hatukungoja kompyuta zije. Wenye umri wanakumbuka safu za marafiki wa kalamu magazetini. Mtu aliandika jina, umri, sanduku la posta, na mwisho uraibu wake: kusoma riwaya, kusikiliza muziki, kukusanya stempu. Msomaji wa Kisumu angeweza kumwandikia mtu wa Tanga asiyemjua hata kidogo, kwa sababu tu wote wawili wamesema wanakusanya stempu.

Halafu kulikuwa na salamu za redio. Ulinunua kadi ya salamu, ukaijaza majina, ukaituma, ukangoja mtangazaji aisome. Wale waliotuma mara kwa mara walianza kutambuana kwa majina. Wakaunda vyama vya watuma salamu, wakatembeleana, wakachangiana harusi na matanga. Hawakuunganishwa na kabila wala kazi, bali na mapenzi ya salamu na ya redio. Huo ulikuwa mtandao wa kijamii, ingawa hakuna aliyeuita hivyo.

Tazama safu ya rafiki wa kalamu ilikuwa na nini: jina, anwani, na neno la uraibu. Wasifu wa mtandaoni haujaongeza mengi juu ya hapo. Na lishike vizuri neno uraibu, maana tutalirudia. Shuleni Kenya tulifundishwa kwamba uraibu ni jambo ulipendalo na unalolifanya wakati wa mapumziko. Hospitalini neno hilohilo ni ugonjwa wa mtu asiyeweza kuacha.

Duka la santuri, 1973

Mwaka 1968 Wamarekani wawili, J.C.R. Licklider na Robert Taylor, waliandika makala kuhusu kompyuta kama chombo cha mawasiliano. Wakati huo kompyuta moja ilijaza chumba, na mtandao wa ARPANET, babu wa intaneti, ulikuwa bado mwaka mmoja kuanza kazi. Wao walitabiri kwamba siku moja kutakuwa na jamii za watu waliounganishwa na mapendeleo yao badala ya mahali wanapoishi. Walidhani watu watakuwa na furaha zaidi kwa sababu hiyo. Kuhusu furaha, tutaona.

Miaka mitano baadaye, Agosti 1973, utabiri huo ulijaribiwa na watu wasio na fedha nyingi. Katika mji wa Berkeley, California, kulikuwa na duka la santuri lililoitwa Leopold's Records. Karibu na ubao ambapo wapiga muziki walibandika matangazo, vijana fulani waliweka teleprinta. Miongoni mwao walikuwa Lee Felsenstein, Efrem Lipkin, Mark Szpakowski na Jude Milhon. Mashine ilikuwa na kelele, kwa hiyo waliifunika kwa sanduku la kadibodi lenye matundu mawili ya kupenyeza mikono. Kwa waya wa simu iliunganishwa na kompyuta kubwa iliyokuwa San Francisco, ng'ambo ya ghuba. Mradi wenyewe uliitwa Community Memory, yaani kumbukumbu ya jamii.

Amri kuu zilikuwa mbili: kuongeza na kutafuta. Ukitaka kuongeza tangazo uliliandika, kisha ukachagua mwenyewe maneno ya kulitambulisha. Mwingine akitafuta kwa neno hilo, tangazo lako linatokea. Hakuna aliyekupangia orodha ya maneno yanayoruhusiwa.

Watu walifanya nini nayo? Wapiga muziki waliichangamkia mara moja, wakatafutana kwa ala na kwa aina ya muziki. Wengine walitafuta wenzao wa kucheza sataranji, wengine usafiri wa pamoja. Mtu mmoja aliuliza ni wapi angepata mikate mizuri ya duara iitwayo bagel. Miongoni mwa majibu aliyopata lilikuwepo la kumwelekeza kwa mwokaji wa zamani ambaye angeweza kumfundisha kuioka. Aliuliza duka, akapata mwalimu. Hivyo ndivyo njia ya neno inavyofanya kazi ikifanya vizuri: jibu linakuwa mtu.

Usenet na baraza la vibali

Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke huko North Carolina, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni njia ya kupeana habari kati ya kompyuta za vyuo. Steve Bellovin wa chuo jirani aliandika programu ya kwanza. Mwaka uliofuata, 1980, ikafunguliwa kwa wengine, nayo ndiyo Usenet. Haikuwa na makao makuu. Kompyuta moja iliipigia simu nyingine, mara nyingi usiku gharama zikiwa chini, zikapeana nakala za barua mpya.

Barua ziligawanywa katika vikundi vya habari, na kila kikundi kilikuwa na jina la mada. Mwaka 1987 majina yote yalipangwa upya katika matawi makubwa: rec kwa burudani, sci kwa sayansi, soc kwa jamii na tamaduni, na mengineyo. Wakenya waliokuwa masomoni ng'ambo walikuwa na soc.culture.kenya. Ukiwa peke yako katika mji wa baridi ambapo hakuna anayejua sukuma wiki ni nini, jina hilo lilikuwa kama taa dirishani.

Lakini kuanzisha kikundi kipya katika matawi makubwa kulihitaji mjadala na kura. Wengine walichoshwa na baraza hilo la vibali, na mwaka huohuo wa 1987 wakaanzisha tawi la alt, ambamo utaratibu huo haukuwepo. Huo ulikuwa ugomvi wa kwanza mkubwa mtandaoni kuhusu suala letu: nani ana haki ya kusema kwamba kitu fulani ni kitu cha kupendwa?

Usenet ilikuwa na upungufu mwingine. Ilikukutanisha na mada, lakini mtu mwenyewe hakuonekana vizuri. Ungemjua fulani kama mpenzi wa darubini bila kujua kwamba pia anapenda taarab, maana hayo mawili yalikaa katika vyumba tofauti. Mtu hakuwa na ukurasa wake.

Mashine inaanza kukisia

Hadi hapo njia ya neno ilikuwa inatembea peke yake. Mwaka 1994 njia ya kisio ikaingia barabarani. Katika taasisi ya MIT, Marekani, Upendra Shardanand na Pattie Maes walitengeneza huduma iliyoitwa Ringo. Ilifanya kazi kwa barua pepe. Ringo ilikuletea orodha ya wanamuziki, wewe ukampa kila mmoja alama kuanzia 1 hadi 7, ukairudisha. Mashine ikalinganisha alama zako na za wengine.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme mimi nimempa Franco alama 7, Mbilia Bel 6 na mwanamuziki wa tatu alama 1. Wewe umewapa 7, 7 na 2. Tofauti zetu ni ndogo: 0, 1 na 1. Kwa hiyo mashine inatuhesabu kuwa majirani wa ladha. Ikiwa wewe umempa mwanamuziki wa nne alama 7 nami sijamsikia, mashine itaniambia nimsikilize. Haijui muziki ni nini. Inajua tu kwamba namba zetu ziko karibu.

Ringo ilikua ikawa kampuni ya Firefly mwaka 1995, na Firefly ilikuonyesha pia watu wenye ladha kama yako ili muongee. Microsoft iliinunua mwaka 1998 na huduma ikafungwa mwaka 1999. Lakini wazo halikufa. Kila unapoona leo maneno kama "huenda ukapenda", unaona mjukuu wa Ringo.

Kwenye Ringo, hata hivyo, alama ulizitoa mwenyewe, kwa kujua. Kisio lilitokana na kauli yako. Likumbuke hilo.

Jedwali la safu mbili

Mwaka 1999 mwanafunzi Mmarekani, Brad Fitzpatrick, alianzisha LiveJournal ili yeye na rafiki zake wapashane habari. Watu wengi wanaikumbuka kama mahali pa shajara. Sisi waandishi wa programu tunaikumbuka pia kwa sababu ya memcached, programu ya kuhifadhi data kwenye kumbukumbu ya haraka. Fitzpatrick aliiandika mwaka 2003 ili seva za LiveJournal zisizidiwe, na baadaye ikatumiwa na tovuti kubwa duniani.

Lakini kitu ninachokipenda zaidi LiveJournal ni kidogo sana. Kwenye ukurasa wa wasifu kulikuwa na mahali pa kuandika mapendeleo yako, hadi 150, ukiyatenganisha kwa mkato. Kila neno uliloandika liligeuka kiungo. Ukilibofya, ulipata orodha ya watu wote na jumuiya zote zilizoandika neno hilohilo. Hakukuwa na zaidi ya hapo.

Nyuma ya pazia, kitu kama hicho ni jedwali la safu mbili: mtu, na neno. Amina, taarab. Amina, darubini. Otieno, kandanda. Otieno, taarab. Wanjiru, darubini. Ukiliuliza jedwali, "Amina anapenda nini?" linakupa taarab na darubini. Ukiligeuza na kuliuliza, "Nani anapenda darubini?" linakupa Amina na Wanjiru. Data haikubadilika, ni swali tu limegeuzwa. Mwanafunzi wa muhula wa kwanza wa hifadhidata anaweza kuliandika kabla ya chai ya saa nne.

Sasa uzuri wake. Tuseme kuna watu 10,000 mtandaoni. 5,000 wameandika "muziki", na 4 tu wameandika "kurekebisha redio za zamani". Kwamba mimi na wewe sote tumeandika "muziki" hakuniambii lolote juu yako. Lakini ikiwa sote wawili tumo katika wale 4, tungekutana matatuni tungeshukia kituo kisicho chetu kwa kunogewa na mazungumzo. Mwaka 1972 mtaalamu wa kompyuta wa Cambridge, Uingereza, Karen Spärck Jones, alionyesha kwamba katika kutafuta nyaraka, neno adimu lipewe uzito kuliko neno la kawaida. Kwa kanuni ya aina yake, inayotumia logi ya kipeo cha 2, "muziki" hapo juu lina uzito wa 1, na "kurekebisha redio za zamani" lina uzito wa 11 na ushei. Injini za kutafuta zimeishi kwa wazo hilo miongo mingi. Linafaa kwa urafiki pia.

Na kwa sababu ulijiandikia mwenyewe, mashine haikuhitaji kuelewa chochote. Ungeweza kuandika kwa Kiswahili, kwa Kirusi, au kwa lugha ya utani ya wenzako watatu. LiveJournal ilipendwa mno Urusi, na jedwali halikujali herufi.

Neno linapogeuzwa ushahidi

Nisiisifu njia ya neno kupita kiasi, maana ina hatari yake, na hatari hiyo ilijitokeza palepale LiveJournal. Mwishoni mwa Mei 2007, kampuni iliyoimiliki wakati huo, Six Apart, ilishinikizwa na kikundi cha wanaharakati iondoe kurasa zinazounga mkono unyanyasaji wa watoto kingono. Ikafuta kurasa zipatazo 500 kwa kutazama orodha za mapendeleo. Mantiki yake ilikuwa kwamba ukiandika neno fulani kwenye mapendeleo, basi unakiunga mkono kitu hicho.

Miongoni mwa zilizofutwa zilikuwemo kurasa za watu waliokuwa wenyewe wamenyanyaswa na ambao waliliandika neno hilo ili wapatane na manusura wenzao. Zilikuwemo pia za watunzi wa hadithi za kubuni, na za wasomaji waliojadili riwaya ya Lolita ya Vladimir Nabokov. Kwa siku chache kelele zilikuwa kubwa, mkuu wa kampuni akaomba radhi, na nyingi zikarudishwa.

Fikiria ulivyo uzito wa jambo hilo. Manusura aliandika neno moja kama mtu anayenyanyua mkono gizani akiuliza kama kuna mwingine. Msimamizi akalisoma kama ungamo. Neno lilelile, jedwali lilelile. Kwa hiyo kila anayetengeneza mahali pa watu kuandika wanachokipenda ajue kwamba anatengeneza pia orodha ambayo polisi, mwajiri au muuza matangazo anaweza kuisoma kwa jicho tofauti.

Mitandao ya "nani anamjua nani"

Wakati huohuo upepo ulikuwa umegeuka. Friendster ilianza mwaka 2002 ikiwa na wazo kwamba urafiki mpya unapita kwa rafiki wa rafiki. Uliweza kuona kurasa za watu walio umbali wa hatua 4 kutoka kwako, basi. Watumiaji hawakuridhika. Walifungua kurasa za bandia kwa majina ya miji, vyuo na wahusika wa hadithi, halafu kila aliyependa kitu hicho akaufanya ukurasa huo rafiki. Ghafla wapenzi wa kitu kimoja walikuwa hatua 2 tu kutoka kwa wenzao. Mtafiti danah boyd aliandika sana kuhusu kurasa hizo. Kampuni iliziona kama uchafu na mwaka 2003 ikaanza kuzifuta. Kumbe watu walikuwa wakijijengea kwa mikono chombo walichonyimwa.

Orkut ya Google, iliyoanza Januari 2004, ilijifunza: iliruhusu yeyote kuanzisha jumuiya, na ikapata mamilioni ya watu Brazil na India. Kule Brazil mojawapo ya jumuiya mashuhuri ilikuwa ya watu wanaochukia kuamka mapema. Orkut ilifungwa Septemba 2014.

Facebook iliendelea na barabara ya Friendster. Mwaka 2008 ilianza kukuonyesha "watu ambao huenda unawajua". Hesabu yake inaanzia kwa rafiki wa rafiki: ikiwa mimi nakujua wewe na wewe unamjua Juma, huenda namjua Juma. Inafanya kazi vizuri mno kwa sababu maisha ndivyo yalivyo. Lakini inazunguka humohumo. Mwaka 1973, mwaka uleule wa duka la santuri, mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha makala iliyoeleza kwamba habari mpya, kama vile nafasi ya kazi, mara nyingi hutujia kupitia watu tunaojuana nao kijuujuu. Rafiki zako wa karibu wanajua kile unachokijua tayari. Mtandao unaokuletea rafiki za rafiki zako tu unakunyima mlango wa nje.

Alama ya reli

Neno lilirudi kwa mlango wa nyuma. Agosti 23, 2007, Chris Messina aliandika kwenye Twitter akipendekeza watu watumie alama ya reli, #, mbele ya neno ili kuunda vikundi. Wazo hilo alilitoa kwenye IRC, mfumo wa gumzo ulioandikwa Finland mwaka 1988 na Jarkko Oikarinen, ambamo majina ya vyumba yalianza kwa alama hiyohiyo. Wenye Twitter hawakuvutiwa. Lakini Oktoba 2007 moto ulipoteketeza maeneo ya San Diego, watu waliutumia mtindo huo kufuatana na kupeana habari. Mwaka 2009 Twitter yenyewe ikaanza kuzigeuza alama hizo kuwa viungo.

Kitaalamu ni jedwali lilelile la safu mbili. Tofauti ni kwamba sasa neno limebandikwa kwenye sentensi badala ya kubandikwa kwa mtu. Wakenya tulilielewa haraka, na #KOT likawa jina la taifa zima la watu wenye maneno makali.

Nyumbani, Januari 2008

Na hapa ndipo historia hii inapotuhusu sisi kwa uchungu. Kulikuwa na ukumbi wa Wakenya mtandaoni ulioitwa Mashada, ulioendeshwa na David Kobia akiwa Marekani. Watu walikutana humo kuongea lolote. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilipoenea nchini, mazungumzo humo yaligeuka matusi ya kikabila. Mwishoni mwa Januari 2008 Kobia aliufunga ukumbi, kisha akafungua tovuti iliyoitwa I Have No Tribe, yaani sina kabila.

Wiki chache kabla, jambo tofauti lilikuwa limetokea. Januari 3, 2008, mwanablogu na wakili Ory Okolloh aliuliza kama kuna wataalamu wa kompyuta wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha mahali ghasia zinapotokea. Waliojibu na kushirikiana ni watu waliokuwa wameshafahamiana kwa kuandika kuhusu teknolojia na Afrika: Erik Hersman, Juliana Rotich, na Kobia huyohuyo. Ndani ya siku chache Ushahidi ikazaliwa. Mwaka 2010 programu hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi, na tangu hapo imetumika katika nchi nyingi.

Taifa moja, mwezi mmoja, na mtu mmoja amesimama katika visa vyote viwili. Mimi nasoma hivi: pale ambapo hakukuwa na kitu mahususi cha kuwaunganisha watu, kabila lilijaza nafasi. Pale ambapo watu walikuwa wameitana kwa kitu wanachokipenda na wanachokijua kukifanya, wageni waligeuka kikosi. Sisemi kila ukumbi huru utaharibika. Nasema kwamba swali "tumekutana kwa sababu gani?" lisipojibiwa na sisi, litajibiwa na kilicho karibu zaidi.

Mashine inapojibu badala yetu

Katika miaka ya 2010 jibu lilianza kutolewa na mashine kwa wingi usiowahi kuonekana. Tofauti na Ringo, haikuulizi alama. Inapima ulisita wapi, ulitazama nini mara mbili, ulisoma saa ngapi. Mei 2020 gazeti la The Wall Street Journal liliripoti waraka wa ndani wa Facebook wa mwaka 2016. Waraka huo ulisema asilimia 64 ya watu waliojiunga na vikundi vya itikadi kali waliingia kupitia mapendekezo ya mfumo wenyewe. Yaani mashine ilifanya kazi ya pili ya mtandao, ile ya kukutanisha wageni, na iliifanya kwa ufanisi wa kutisha.

Lile neno uraibu lina maana mbili, na hapa ndipo zinapoachana. Ukiandika mwenyewe "napenda darubini", huo ni uraibu wa shuleni. Mashine ikigundua kwamba huwezi kuacha kutazama watu wakigombana, nayo inauita upendeleo, lakini huo ni uraibu wa hospitalini. Kwenye hifadhidata vyote viwili ni namba. Anayeweza kuvitofautisha ni wewe, na wewe hujaulizwa.

Si kwamba tumeshindwa. Mastodon, iliyoanza mwaka 2016, iliongeza katika toleo la 4 la mwaka 2022 uwezo wa kufuata alama ya reli kama unavyomfuata mtu. Bluesky mwaka 2023 ilifungua mlango kwa mtu yeyote kuandika mwenyewe kanuni ya kuchagua habari, na wengine wakaitumia. Ni vitu vidogo, kama jedwali la safu mbili.

Kama wewe ni mtafutaji, nina ushauri mmoja: andika neno adimu. Usiandike "muziki", andika jina la bendi ambayo unadhani wewe tu ndiye unayeikumbuka. Liandike kwa lugha unayoliwazia, hata kama ni Kiswahili na watakaolisoma ni watano. Kama wewe ni fundi, waachie watu mahali pa kuandika wenyewe, waonyeshe kwa nini umewaletea mtu fulani, na wape ruhusa ya kulifuta neno siku likiwa hatari kwao.

Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Haya, neno lako adimu ni lipi? Sanduku la maoni liko hapo chini. Tusipopata mwenzako humu, angalau litakuwa limeandikwa mahali ambapo mtu anaweza kulitafuta.